Hata Guled Alilia

"Nyamaza, abaayo, dada yangu. Hata Guled alilia hivi hivi siku nilipomwambia."

Hapo ndipo tulipomwacha Mwikali wiki iliyopita, msomaji. Mkono mmoja ulikuwa begani kwa rafiki yake Sahara, wa pili umeshika karatasi laini ya kumfuta machozi. Maneno yalikuwa yameshamtoka kabla hajajua anasema nini. Alijiziba mdomo kwa kiganja.

Alikuwa amechelewa. Sahara aliacha kulia papo hapo.

"Guled gani?" aliuliza.

Mwikali aligeukia pakiti ya vidonge mezani.

"Nimekuuliza, Guled gani?"

Kwa aliyejiunga nasi leo, Sahara ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Garissa. Mwaka huu, baada ya Idd, aliolewa na Guled, kijana anayenunua mbuzi Griftu na Habaswein, huko Wajir, na kuwauza Garissa. Hakuwahi kumjua mwanamume mwingine. Miezi michache ndani ya ndoa alishikwa na homa, kisha malengelenge yenye maumivu mahali ambapo mwanamke hapataji. Alikimbilia kwa Mwikali, tabibu wa zahanati moja ya binafsi karibu na soko, msichana wa Kitui aliyekuwa rafiki yake wa chanda na pete. Mwikali akampima, akamwambia ni hepesi. Ni virusi, alisema. Dawa huvituliza, lakini havitoki mwilini.

Sahara alipomweleza mumewe, Guled alimgeukia mbele ya mama mkwe. "Umeitoa wapi?" Akamrudisha kwao, mtaa wa Bulla Iftin, na begi moja la nguo.

Na leo, katika chumba kile kile alichopimiwa, ndiyo kwanza anasikia kwamba Guled aliwahi kulia.

"Sikupaswa kusema," Mwikali alinong'ona.

"Lini?"

"Sahara, tafadhali."

"Guled alilia lini?"

Mwikali alikaa kwenye kiti chake. "Kabla ya harusi."

"Kabla kiasi gani?"

"Wiki ya hina."

Wiki ya hina! Wiki ambayo Mwikali alikuwa kwao kila jioni, akisuka mkeka wa maua, akipiga makofi kwenye buraanbur, mashairi ya kuimbwa ya akina mama, bila kujua neno hata moja la wimbo, mpaka wazee wakamcheka na kumpenda.

"Ulinishika mkono nikipakwa hina," Sahara alisema.

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nikijua."

Nje, mgonjwa mmoja alikohoa kwenye benchi. Pangaboi lilizunguka juu ya vichwa vyao na kusukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine.

"Alikuja hapa bila kujua ni zamu yangu," Mwikali alianza kueleza haraka haraka. "Aliponiona alitaka kutoka. Nikamwambia akae, mgonjwa ni mgonjwa. Nikamweleza ana nini. Akalia. Nikamwambia ni lazima akuambie kabla ya nikahi, ili wewe uamue mwenyewe. Akaniapia kwa Mungu kwamba angekuambia. Baadaye nikakuona unacheka, nikadhani ameshakuambia na umekubali."

"Ulidhani."

"Siri ya mgonjwa si yangu, Sahara. Niliapa. Siwezi kuitoa hata kwa mkewe, hata kwa mamake."

"Na kwa aliyekupa chumba? Kwa aliyekupa anjera kila asubuhi ulipokuwa unasomea udaktari na huna hata sufuria?"

Mwikali aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Miaka yote ya chuo alipanga chumba uani kwa mama yake Sahara, na hakuna siku aliyolala njaa.

"Sikutaka umtaje mtu," Sahara aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha. "Sikutaka utaje ugonjwa. Ungeniambia neno moja tu. 'Ngoja.' Ungesema, 'Sahara, ngoja kidogo, nendeni mkapimwe wote wawili kwanza.' Nani angekufukuza kazi kwa neno ngoja?"

Mwikali alivuta daftari la wagonjwa, akalirudisha mahali pake.

"Na nilipokuja hapa na homa, nikiwa siwezi hata kukaa kwa uchungu, uliniuliza, 'Mume wako ana dalili yoyote?' Uliniuliza huku umekaza macho, Mwikali! Kama vile hujui!"

"Hayo ni maswali tunayomuuliza kila mgonjwa."

"Mimi ni kila mgonjwa?"

Sahara alisimama, akajifunga shungi vizuri, akachukua mkoba.

"Naweza kupoteza kazi kwa hili lililonitoka leo," Mwikali alisema nyuma yake. Lo! Heri angenyamaza.

Sahara aligeuka. "Na mimi, unaona nimepoteza nini?"

Akatoka. Alikuwa amefika karibu na vibanda vya wauza matikiti aliposikia nyayo zikimkimbilia. Ni Mwikali, koti jeupe linapepea, mkononi pakiti ya vidonge.

"Umeacha dawa."

Sahara alitamani kuitupa pakiti ile mchangani. Lakini maumivu yalikuwa yameanza kumtambaa tena tangu alfajiri, na alijua kitakachofuata asipomeza. Akanyoosha mkono, akaipokea kutoka kwa mkono ule ule uliomshika siku ya hina, akaenda zake bila kusema ahsante. Kati ya yote yaliyompata siku hiyo, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

* * *

Tangu arudi kwao, Sahara alikuwa na kikombe chake. Hakuna aliyemwambia awe nacho. Alikitenga mwenyewe, akakiweka juu ya kabati peke yake. Mwikali alikuwa amemweleza kwamba ugonjwa ule haupiti kwa kikombe wala kwa taulo, na alimsikia. Lakini mtoto wa jirani alipokuja kumrukia mapajani kama alivyozoea, alimshusha chini na kumwambia, "Nenda kwa mama yako." Alioga mara nyingi kwa siku, akitia dawa ya kuua viini kwenye beseni mpaka ngozi ikampasuka. Alijichukia mwili wake kama vile ndio uliomtendea ubaya.

Kabla hajamweleza Guled na kufukuzwa, hali ilikuwa hiyo hiyo kitandani. Tangu apimwe hakutaka kuguswa. Usiku mmoja angesema yuko kwenye siku zake, usiku mwingine anafunga kulipa deni la Ramadhani, usiku mwingine angelala na shungi kichwani, uso ukutani. Hata vidonda vilipokauka na Mwikali kumwambia hakuna ubaya sasa, wakitumia kinga, mwili ulikataa. Guled akiweka mkono begani, Sahara alikauka kama ubao. Na kukataa kule ndiko Guled alikokufanya ushahidi. "Mnaona? Ana mwingine huyu!"

Mama yake, Weris, ambaye huuza maziwa ya ngamia Soko Mugdi, alimkuta amekaa uani ameikumbatia miguu.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Mwikali."

Sahara hakumwambia alichokisikia. Mama akaketi karibu naye kwenye jamvi, akaweka chini madumu yake, akasema kwa Kisomali, taratibu, kama mtu anayechokoa mwiba, "Mwanangu, leo tuko wawili tu. Niambie ukweli. Hukuwa na mtu ulipokuwa chuoni?"

Sahara alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Hata wewe, hooyo?"

"Mimi nauliza tu. Soko zima linauliza. Mama yake Guled anasema maneno. Nikijua ukweli nitajua cha kujibu."

"Ukweli nilishakupa."

"Basi rudi kwa mumeo," mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kusihi. "Mwombe msamaha hata kama huna kosa. Ugonjwa kama huu mtu anaufunika na mumewe. Akikuacha, nani mwingine atakuchukua?"

Nani mwingine atakuchukua. Msomaji, Sahara alikuwa amejiuliza maneno hayo hayo tangu siku ya kwanza. Kuyasikia kwa mama yake mzazi ilikuwa kama kusikia mlango ukifungwa kwa nje.

* * *

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, pikipiki ilisimama nje ya boma. Akashuka Guled. Kanzu nyeupe, manukato, kofia mpya. Mkononi alishika mfuko wa tende na halua.

Mama Weris alimkaribisha kwa heshima zote, akamwandalia chai, kisha akaingia chumba cha ndani na kuteremsha pazia.

Guled hakugusa chai. Alimtazama Sahara, na macho yake yalilowa.

"Nimekosa," alisema. "Nilikasirika nikasema maneno mabaya. Rudi nyumbani."

Sahara hakuamini masikio yake. Tangu atoke kwa Mwikali alikuwa ameyapanga matusi yote atakayomtupia mtu huyu, na sasa mtu huyu anaomba msamaha!

"Mama yako je?"

"Nitamwambia ilikuwa maleria. Daktari alikosea. Hakuna atakayekusema tena." Guled alisogea. "Wallahi nimekukosa. Nyumba imekuwa kama zizi."

Na hapa nisikufiche kitu, msomaji. Moyo wa Sahara ulilegea. Aliiona nyumba yake, mapazia aliyoyachagua mwenyewe, akajiona akirudi darasani Jumatatu na walimu wenzake wakimwita mke wa Guled tena badala ya kunyamaza akiingia. Angemeza vidonge, angekubali kuguswa, angejifunza. Wanawake wangapi wanaishi hivyo?

"Ila tuelewane jambo moja," Guled aliongeza. "Usimwambie mtu kwamba ugonjwa ulianzia kwangu. Mimi na wewe sasa ni sawa, tuna kitu kimoja. Wewe huwezi kwenda kwa mwingine, mimi nimekukubali hivyo hivyo ulivyo. Unaona Mungu alivyotufunga pamoja?"

"Umenikubali nilivyo," Sahara alirudia.

"Ndiyo."

"Guled, nikuulize. Ulijua kabla hatujaoana?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba unao."

Guled aliinua mkono wa kulia. "Wallahi, billahi, tallahi. Sikujua. Nimeujua siku uliponiambia wewe."

Alisema bila kupepesa. Kama Sahara asingekwenda zahanati siku ile, angemwamini. Angeokota begi lake akapanda nyuma ya pikipiki, na maisha yake yote angetembea akiwa na deni la shukrani kwa mtu aliyemwambukiza.

"Wiki ya hina ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Nilikuwa na shughuli za harusi."

"Hukwenda zahanati? Hukukaa mbele ya daktari ukalia kama mtoto?"

Rangi ilimtoka Guled usoni. Machozi yale mazuri ya mwanzo yakakauka ghafla.

"Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nani amekuambia! Ni yule Mkamba? Nitamfutisha kazi! Nitakwenda mpaka kwa mkubwa wake, hatapata kazi tena, hapa wala kwao!"

"Sikukuuliza habari za kazi ya mtu. Nimekuuliza kama ulijua ukanioa."

"Na ungefanya nini ningekuambia?" Guled alifoka akisimama. "Ungekataa! Watu wameshaalikwa, ngamia ameshachinjwa, ningewaambia nini? Nikasema nikioa nitakaa na mke mmoja, nitameza dawa, haitampata. Nilikuwa naogopa, Sahara! Mimi pia naogopa! Unafikiri mwanamume haoni aibu?"

"Uliona aibu, ukaninyamazia. Kisha ukasimama mbele ya mama yako ukaniita malaya."

Pazia lilifunguka kwa kishindo.

Mama Weris alitoka na mwiko wa kukorogea maziwa mkononi. Alikuwa amesikia yote, kila neno.

"Soko zima nilikuwa natembea kichwa chini kwa ajili yako," alimwambia Guled. "Mtoto wangu nimemuuliza alilala na nani. Mimi, mama yake! Nimemuuliza binti yangu maneno machafu kwa sababu ya uongo wako. Toka."

"Eddo, nisikilize..."

"Usiniite eddo, mimi si shangazi yako. Toka nyumbani kwangu! Na hiyo halua toka nayo."

Aliukamata mfuko wa tende akautupa uani, tende zikatawanyika mchangani, kuku wakazikimbilia. Guled alirudi nyuma hadi mlangoni. Huko, alipoona majirani wameanza kuchungulia, hasira ikamfungua ulimi.

"Haya kaeni naye! Kaeni naye awazeekee! Mnadhani mimi nina shida ya mke? Huko Griftu Kaaha ananisubiri. Mwezi huu haumaliziki kabla sijamleta hapa Garissa, na mtaona arusi!"

Pikipiki ikanguruma, ikaacha vumbi.

Mama Weris alimgeukia binti yake. Alitaka kusema kitu, akashindwa, akamshika uso kwa mikono yote miwili, ile mikono inayonuka moshi na maziwa. Halafu akakichukua kikombe kilichokuwa peke yake juu ya kabati, akamimina chai ya Guled ambayo haikuguswa, akainywa yeye mwenyewe mpaka mwisho.

Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Sahara alilia kilio kisicho cha kujificha.

* * *

Lakini machozi hayakumsahaulisha jina lile.

"Kaaha," alisema. "Ni Kaaha binti ya marehemu Hamse. Nilisoma naye bweni moja. Namba yake ninayo."

Uso wa mama ulibadilika. "Unataka namba ya nini?"

"Nimwambie."

"Umwambie nini? Kwamba wewe unao?" Mama alishusha sauti. "Mwanangu, sikiliza. Sasa hivi ni maneno ya sokoni tu, na maneno yanachoka. Ukimpigia yule, kesho Griftu yote inajua, kesho kutwa Wajir, Habaswein, kila mahali. Watajua si uvumi. Watajua kutoka kinywani mwako."

"Na yeye?"

"Kaaha si binti yangu. Wewe ndiye binti yangu."

Yule yule aliyemfukuza Guled kwa mwiko, sasa anamtaka anyamaze! Sahara alimtazama mama yake na hakuona ubaya usoni mwake, aliona hofu tu, na hofu hiyo aliifahamu. Ndiyo iliyomfanya Mwikali apige makofi kwenye buraanbur. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri ya kufunga mdomo, na mwisho wa sababu zote hizo ulikuwa mwilini mwake.

Ndipo wakasikia hodi ya woga.

Alikuwa Mwikali. Hakuvaa koti jeupe. Macho yamevimba.

Mama Weris hakumkaribisha. Alimsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiwa amesimama katikati ya mlango. "Wewe nakuja hapa na uso gani? Mimi nalikuba chumba. Nalikuba chakula. Mimi nalisema kwa watu, huyu Mkamba ni mtoto yangu wa bili. Mtoto gani nafanya hifi kwa dada yake?"

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Msamaha omba yeye. Mimi bado."

Mwikali alipita akapiga magoti mbele ya Sahara pale jamvini.

"Guled amekuja zahanati sasa hivi," alisema. "Amepiga kelele mbele ya wagonjwa. Mkubwa wangu ameniita Jumatatu."

"Umekuja kunililia kazi?"

"Hapana. Nimekuja kwa sababu ulichosema ni kweli. Ningeweza kusema ngoja. Niliwaza usiku mzima wiki ile, nikajiambia siri ni siri. Lakini nikisema ukweli kabisa, niliogopa pia kuwa mtu wa kuvunja harusi. Niliogopa mama atanichukia. Niliogopa nitakuwa yule mgeni wa bara aliyewaharibia."

Sahara alitaka kumchukia sawasawa na hakuweza, na hilo nalo lilimkera.

"Nikienda kwa kadhi kudai talaka yangu," alisema, "nitasema Guled alijua. Yeye ataapa hakujua. Utakuja kusimama?"

"Nipe muda nifikirie."

"Muda ulikuwa nao tangu wiki ya hina."

"Sahara, hiyo si kazi tu, wanaweza kuninyang'anya cheti. Sitaweza kutibu mtu tena popote."

"Basi. Nimekuelewa." Sahara alichukua simu. "Amemchumbia Kaaha wa Griftu. Utamwambia wewe?"

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Hooyo hataki nimwambie mimi. Wewe huwezi. Guled hatasema." Sahara alikuwa akilitafuta jina kwenye simu. "Kwa hiyo aingie kama nilivyoingia mimi. Apakwe hina, acheke, kisha siku moja aamke hawezi kukaa."

"Sahara!" mama aliita.

"Mwili ni wangu, hooyo. Ugonjwa ni wangu. Hii ndiyo siri pekee ninayoweza kuitoa bila kumwomba mtu ruhusa."

Akabonyeza. Akaweka sauti kubwa ili mama asikie kwamba hakuna atakachoongeza wala kupunguza.

Simu iliita. Ikaita. Ikapokewa.

"Kaaha? Ni Sahara. Wa bweni."

Mbuzi walisikika wakilia upande wa pili, na mtu akitoa bei kwa sauti.

"Najua ni nani," Kaaha alijibu. Sauti ilikuwa baridi.

"Nisikilize bila kunikata. Nasikia Guled anakuoa. Siwezi kukuchagulia, lakini kuna jambo lazima ulijue kabla ya nikahi. Mimi nina ugonjwa wa hepesi. Nimeupata kwake. Hautoki mwilini, Kaaha. Mwambie mpimwe kwanza. Akikataa, ujue kwa nini anakataa."

Alikuwa amesema. Alitegemea matusi. Alitegemea simu ikatwe. Alishangaa kusikia kifua chake kimekuwa chepesi.

Upande wa pili Kaaha alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kabla ya nikahi," alisema. "Sahara, nikahi ipi? Mimi na Guled tulioana kwa siri, kwa sheikh wa njiani, mwaka mmoja kabla hajakuoa wewe. Kwetu hawajui hadi leo. Hicho anachokuja kufanya mwezi huu ni sherehe tu, ya kuwadanganya watu."

Mwikali alijishika kichwa. Mama Weris aliketi chini alipokuwa amesimama.

"Wewe ni mke wake?" Sahara aliuliza kwa sauti isiyokuwa yake.

"Wa kwanza. Na hayo malengelenge ninayo. Yalinitoka baada ya harusi yenu. Huwa simkatazi kitu. Akija Griftu namwendea, hata nikiwa na vidonda, hata kama nalia. Nani mwingine atanitaka?" Sauti ya Kaaha ilianza kukatika. "Miezi yote hii nimekuwa nikiswali nikikuapiza wewe. Kila swala, Sahara. Nilimuuliza Guled ameutoa wapi ugonjwa huu, akaniapia kwa Mungu, kwa mkono wa kulia, kwamba ni wewe uliyemletea."

Sahara alianza kumjibu.

"Subiri," Kaaha alisema, sasa kwa mnong'ono. "Usikate. Pikipiki yake haiwezi kufika huku leo, lakini amempigia simu dereva wa hapa hapa Griftu anichukue. Gari liko nje. Dereva amesema nimeitwa Garissa sasa hivi, nije niape mbele ya wazee kwamba wewe ulikuwa na wanaume tulipokuwa bweni. Nimeshafunga begi. Niambie, Sahara. Nikifika hapo, niseme nini?"